Kuruka si Kuiba

Rasimu ya kanuni za mashindano ya michezo ya simu ya kitivo chetu imekwisha kuzunguka katika vikundi vya WhatsApp vya promosheni zote. Kanuni ya saba inasema hivi: «Ni marufuku kurukaruka na kuteleza ovyo wakati wa kufyatua risasi. Mchezaji akionywa mara mbili ataondolewa.» Mchezo wenyewe ni Call of Duty: Mobile, watano kwa watano, na timu itakayoshinda itapewa mega za mwezi mzima. Anayeona kwamba mega si kitu cha kupigania hajawahi kuandika TFC yake kwa simu.

Mimi naipinga kanuni ya saba. Naipinga kama mchezaji, na naipinga kama mwanafunzi wa lugha pia, kwa sababu kosa lake la kwanza liko katika maneno yake. Kamati itakutana kabla ya mwisho wa mwezi huu ili kuipitisha au kuifuta. Nawaomba watakaopiga kura wasome kurasa hizi kwanza, hata kama mwishoni watanikatalia.

Walimu wetu wasiocheza wanivumilie kidogo nieleze. Katika michezo hii ya kufyatua risasi, kila mchezaji anaona dunia kwa macho ya askari wake. Kuna mwenye kukaa nyuma ya kona, bunduki imeelekezwa mlangoni, akimngoja adui apite. Na kuna mwenye kuja. Huyu mwenye kuja akitembea polepole amekwisha kufa. Kwa hiyo amejifunza mbinu: anaibuka kwenye kona akiwa hewani, ili kichwa chake kisiwe pale mwenzake alipolenga, au anashuka chini na kupita kwa kuteleza kwa magoti, au anajitupa kifudifudi huku anafyatua, au anakwenda kulia na kushoto haraka haraka mpaka mwenzake anapoteza shabaha. Yote haya yanafanywa kwa vitufe vilivyomo ndani ya mchezo. Kitufe cha kuruka kipo kwenye kila simu iliyoupakua.

Sasa tuyatazame maneno. Rasimu haikuandika «kuruka». Imeandika «kurukaruka». Sote tuliofundishwa mofolojia tunajua kitenzi kinaporudiwa hivi kinabeba nini: kuchezacheza, kusemasema, kuzungukazunguka. Tendo linarudiwa, na mara nyingi linarudiwa bila shabaha. Yaani mwandishi wa kanuni amemhukumu mchezaji kabla ya kueleza kosa lake. Halafu, kana kwamba kurudia hakutoshi, akaongeza «ovyo». Ovyo kwa macho ya nani? Mchezaji mzuri anaruka mara moja, kwenye kona moja, kwa sababu anajua adui amelenga urefu gani. Hakuna ovyo hapo. Mchezaji mbovu ndiye anayerukaruka ovyo, naye anakufa peke yake bila msaada wa kamati.

«Kuteleza» nako kuna shida. Katika Kiswahili mtu anateleza bila kutaka: njia ina tope, kiatu kimeisha. Tunasema hata ulimi umeteleza. Mchezaji anayebonyeza kitufe ili apite chini ya risasi hajateleza. Amejitelezesha, ukipenda, na neno hilo japo ni zito linamrudishia mtu nia yake. Kanuni ikitumia kitenzi cha ajali kwa tendo la makusudi, refa ataamua nini siku mtu akibonyeza kwa bahati mbaya?

Lakini linalonishangaza zaidi ni neno ambalo halimo katika rasimu. Yule aliyekaa konani dakika nzima bila kusogea, Kiswahili kina kitenzi chake cha zamani: anavizia. Chui anavizia. Mwizi anavizia. Ukichukua lugha yetu kama shahidi, basi katika pambano hili mwenye jina baya ni mwenye kukaa, wala si mwenye kuruka. Sisemi kuvizia kupigwe marufuku. Ni mbinu halali na inahitaji subira ambayo mimi sina. Nasema tu kwamba aliyeandika kanuni ya saba alikuwa amekaa konani alipoiandika.

Kusema kweli kesi hii ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1996 kampuni ya Marekani iitwayo id Software ilitoa mchezo wa Quake. Hesabu za mwendo katika programu yake zilikuwa na ufa mmoja: mchezaji alipotaka kuongeza kasi, programu ilipima kasi yake kwa upande ule tu anaotaka kwenda, haikupima kasi yake yote. Mtu aliyeruka huku anakata upande na kugeuza kipanya kidogo kidogo alizidi kuongeza mwendo, kupita kiwango walichokiweka wenye mchezo. Wachezaji walikigundua, wakakizoeza vidole, wakakigeuza kuwa ufundi. Mwaka 1999, Quake III ilipokuwa inatengenezwa, mwandishi mkuu wa programu, John Carmack, alijaribu kuuziba ufa huo. Aliona ni hitilafu, na kwamba watu kuizoea hakuifanyi kuwa halali. Ila alipoiziba, mwendo wa kawaida wa mchezaji nao ukaharibika, basi akaiacha. Leo mtu akiitaja Quake III anautaja mwendo ule kabla ya bunduki zake.

Counter-Strike, iliyojengwa juu ya Half-Life, ambayo nayo injini yake inatokana na ile ya Quake, ilirithi kuruka huko. Wenyewe wakaamua kinyume: mwaka 2002, katika toleo la 1.4, walipunguza kasi ya mwenye kuruka mfululizo. Tena katika mchezo huo anayekimbia huku anafyatua risasi zake hutawanyika, kwa hiyo lazima asimame kwanza. Ufundi ukahamia kwenye kusimama. Mchezaji anayekwenda kushoto anagusa kitufe cha kulia kwa kitambo kidogo ili mwili ukwame papo hapo, anafyatua, anaondoka. Nako ni kucheza kwa mwendo, ingawa hakuna anayeliita kurukaruka.

Katika Call of Duty ya mwaka 2019 wachezaji waligundua kwamba wakianza kuteleza na kukatiza katikati wanapata mwendo wa haraka usiotabirika. Toleo la 2022 likaondoa, wachezaji wakapiga kelele, toleo la 2023 likarudisha. Mwaka 2021 wenye Apex Legends walitangaza kwamba wataondoa mbinu ya kukata kona kali hewani, ambayo wenye kibodi waliipata kwa kufunga kitufe cha kwenda mbele kwenye gurudumu la kipanya. Sababu walizotoa ni za kufikiria: si kila mchezaji anaweza kuipata (wenye manete hawakuiweza), na anayepigwa hawezi kuisoma wala kuijibu. Kisha wakaahirisha, maana kuiondoa kulivuruga mambo mengine.

Nimezileta kesi hizi kwa sababu moja. Wenye michezo hawakukubaliana. Huyu kaacha, yule kapunguza, huyu kaondoa akarudisha. Lakini walipotaka kuzuia mwendo, walibadilisha programu. Hawakumtoa uwanjani mtu aliyeruka kwa mkono wake mwenyewe. Walipofikia kumtoa mtu, ilikuwa kwa jambo jingine: Agosti 2024 Valve ilianza kuwatoa katika mechi za seva zake rasmi za Counter-Strike 2 wale wenye kibodi zinazofanya kazi ya vidole, kibodi ambazo ukibonyeza vitufe viwili vya pande zilizopingana zinajua zenyewe kipi cha kuachia. Kule kusimama papo hapo nilikokueleza, ambako watu walikuzoeza kwa miaka, kifaa kikakitoa dukani. Hapo naona haki kabisa. Mstari ulipigwa kati ya kidole na mashine.

Kamati yetu haina programu ya kubadilisha. Inayo mamlaka juu ya watu tu. Kwa hiyo inapozuia kuruka, kinachobaki ni refa mmoja anayezunguka nyuma ya simu kumi, akiamua kwa jicho nani karuka vizuri na nani karuka ovyo. Tumekwisha kuona inavyokuwa. Katika mechi za majaribio, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliwaangusha wanne mfululizo, na karibu wote aliwaangusha akiwa hewani. Ukumbi ukawaka: «Ule iko anaruka tu! Ni triche!» Yaya mmoja wa promosheni ya juu akamnyang'anya simu aitazame, kana kwamba kuruka kumefichwa ndani ya betri. Mechi ikasimamishwa, na hakuna aliyemrudishia pointi zake. Siku ya pili alitoka katika kikundi. Kanuni ya saba iliandikwa wiki ile ile.

Katika mji huu neno «mwizi» si mzaha. Tunajua mtu akiitiwa neno hilo sokoni nini kinaweza kumpata. Najua mchezo ni mchezo na hakuna aliyeshika jiwe, lakini sisi wa kitivo cha lugha ndio wa mwisho kuruhusiwa kusema kwamba neno ni neno tu.

Tuingie sasa katika jambo ambalo wenye rasimu wamelihisi bila kulieleza vizuri, maana malalamiko yao yana kiini cha kweli. Mtu amekaa kona, amelenga, hajapepesa jicho, na bado anauawa na mwenye kuibuka kabla hajaona kitu. Anaapa kwamba ameibiwa. Hajaota. Tuliomo katika mchezo tunaliona kila siku, na sababu yake ni njia ambayo habari inapita.

Simu yako haikuonyeshi adui yuko wapi. Inakuonyesha alikuwa wapi. Akisogea, simu yake inapeleka habari kwenye seva, seva inaileta kwako, na safari hiyo inachukua muda. Wewe uliyesimama, habari yako ya zamani na ya sasa ni ileile. Yeye akifika kwenye kona anakuona papo hapo pale ulipo. Wewe utamwona baada ya muda wa safari kupita. Na kwa kuwa seva nyingi za michezo hii hukata kesi kwa kurudisha saa nyuma, zikiangalia alichokiona mwenye kufyatua wakati alipofyatua, unaweza hata kufa ukiwa umekwisha kujificha nyuma ya ukuta.

Nichukue namba za Counter-Strike, maana zinajulikana. Mwenye AK-47 anakimbia vipimo 215 kwa sekunde. Upana wa mwili wa mchezaji ni vipimo 32. Safari ya habari kutoka kwake hadi kwako ikichukua milisekunde 100, atakuwa amepita vipimo 21 na nusu kabla hujaona hata kiwiko, yaani theluthi mbili za mwili. Ikichukua milisekunde 200 ni vipimo 43: mwili mzima umetoka nje, na nafasi imebaki. Ongeza hapo kwamba jicho na kidole cha binadamu vinahitaji karibu robo sekunde kujibu kitu kilichotokea ghafla. Mwenye kukaa amepoteza kabla ya ufundi wowote kuanza.

Riot Games walipotoa Valorant mwaka 2020 walilijua hilo. Walijenga seva zinazohesabu mara 128 kwa sekunde, na wakajiwekea lengo kwamba wachezaji 70 kati ya 100 wapate safari ya milisekunde 35 au pungufu, kwenda na kurudi. Walifanya hivyo hasa ili anayelinda kona asionewe.

Sisi je? Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda takriban kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Lubumbashi hadi Johannesburg ni kama kilometa 1,600 ndege ikinyoosha. Kwenda na kurudi ni milisekunde 16. Hadi Frankfurt ni zaidi ya kilometa 7,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 71. Hiyo ni kama kebo ingenyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo, bila mnara wa simu, bila foleni ya data saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Kebo hazinyooki, na minara ipo. Kwangu Katuba, simu ikiniandikia 180, hiyo ni siku njema.

Matokeo yake ni haya, na ndiyo hoja yangu kubwa. Penye mtandao mzuri, kuvizia kunalipa. Penye mtandao mbovu, kukaa ni kungoja kufa. Mwanafunzi anayecheza kwa mega za buku moja chini ya mwembe hana namna ya kulinda kona. Kitu pekee alichobakiziwa ni kuwa yeye ndiye mwenye kuibuka. Anaruka kwa sababu habari inamfikia kwa kuchelewa. Na rasimu hiyohiyo, katika kanuni ya pili, inasema kila mtu acheze popote alipo kwa mtandao wake. Soma kanuni hizo mbili pamoja. Ya pili inamwacha kila mtu na mtandao alionao. Ya saba inamnyang'anya mwenye mtandao mbovu njia pekee ya kujitetea. Aliye na wifi ya nyumbani na simu ya picha 90 kwa sekunde atakaa kona yake kwa raha zote, na sheria itamlinda.

Kuna rafiki yangu, asistenti wa idara jirani, aliyenijibu hivi: «Ndugu yangu, hata hivyo wewe unapoibuka na ucheleweshaji wako, mwenzako ndiye anayelipa.» Ni kweli, na sitaikwepa. Mwenye mtandao mbovu akiibuka, kile anachokiiba si cha ufundi wake. Mwenzake mwenye mtandao mzuri anakufa nyuma ya ukuta kwa kosa la mnara ulio mtaa mwingine. Ni wizi usio na mwizi. Lakini ukiwa na wizi wa namna hiyo, utamkamata nani kwa kumzuia kuruka? Hata akitembea wima kama padri kwenye maandamano ya Sikukuu ya Matawi, faida ile ya ucheleweshaji anaibuka nayo. Kuruka hakuizalishi.

Hapa nakumbuka pambano ambalo kila Mkongomani anadhani alikuwepo. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, watu walingoja Muhammad Ali acheze kwa miguu, arukeruke mbele ya George Foreman kama alivyozoea. Raundi ya kwanza tu ikapita, akaenda kuegemea kamba, akajikunja, akamwacha Foreman apige mpaka mikono ikachoka. Raundi ya nane akamwangusha. Upande wa Foreman walilalamika baadaye, na malalamiko yao hayakuwa kuhusu kuegemea. Hakuna kanuni ya ndondi iliyomlazimu Ali kusimama katikati ya ulingo. Walisema kamba zilikuwa zimelegezwa. Mwalimu wa Ali, Angelo Dundee, alikana. Tukiacha nani alisema kweli, naona waliuliza swali sahihi. Mwili wa Ali ulikuwa wake, autumie atakavyo. Kamba zilikuwa za wote wawili, na zilipaswa kukazwa sawasawa kabla ya kengele.

Mpira nao umewahi kupita njia hii. Tangu 2010 sheria inamruhusu mpiga penalti kudanganya kwa mwendo wakati wa kukimbia kuelekea mpira, lakini akishamaliza kukimbia hana ruhusa ya kujifanya anapiga halafu asipige. Angalia jinsi sheria hiyo ilivyoandikwa: inataja kitambo, inataja tendo, kila mtu uwanjani anaweza kukiona. Haikusema «ni marufuku kuchezacheza ovyo mbele ya kipa». (Kipa wetu Kidiaba mwaka huohuo alirukaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima, na dunia ikampenda. Hiyo ndiyo kurukaruka ninayoijua.)

Wapo wanaosema mchezo wa bunduki upime shabaha, basi, na kwamba mwendo unaugeuza kuwa sarakasi. Sioni walikoipata sheria hiyo. Shabaha juu ya kitu kilichosimama ni mchezo wa kurusha mawe kwenye embe. Hoja ya pili ina uzito zaidi: wanafunzi wapya, hasa dada zetu ambao mwaka huu wameanza kujiandikisha kwa wingi, watakata tamaa wakikutana na watu wa kuruka. Ningeikubali kama yule aliyefukuzwa kwa kuruka asingekuwa mmoja wao. Aliye mpya anajifunza kuruka katika wikendi moja. Vidole gumba viwili vinatosha. Kinachomchukua miaka ni kuijua ramani na kona zake zote, na huo ndio utajiri wa wenye kuvizia.

Nakubali kwamba kuna mwendo ambao haufai. Ule ambao mwenzako hawezi kuuona ukija wala kuujibu kwa lolote, na ambao kifaa chako kinauruhusu na cha mwenzako hakiuruhusu, huo hata mimi ningeupigia kura uondoke. Kuruka kwenye Call of Duty: Mobile hakumo. Anayeruka anashuka, na anashuka mahali panapojulikana. Hewani hawezi kurudi nyuma. Ukimngoja chini kwa subira ya nusu sekunde ni wako. Waliolalamika ukumbini wangejaribu hilo badala ya kupekua simu ya mtu.

Tunachotafuta, nafikiri, tumekiita kwa jina lisilo lake. Rasimu imeandika «haki» mara sita. Katika yote sita, ukiisoma vizuri, neno lililohitajika ni «usawa». Usawa ni wa vitu: mtandao, simu, saa ya kuanza, umeme. Haki ni ya mtu: kuhukumiwa kwa alilolitenda yeye, kwa kosa lililoandikwa kabla hajalitenda. Tukichanganya hayo mawili tunafanya kama tulivyofanya, tunatafuta usawa wa vitu kwa kuminya haki ya mtu.

Kwa hiyo napendekeza kanuni ya pili ndiyo ibadilike, na ya saba ifutwe. Mechi zote zichezwe ukumbini, wachezaji kumi kwenye wifi moja, katika chumba binafsi cha mchezo. Ucheleweshaji hautaisha, maana seva bado iko mbali, ila kila mtu atakuwa na uleule. Mwenye kuibuka atabaki na faida yake, na kila mmoja atapata zamu ya kuibuka. Gharama ya mega za ukumbi kwa siku mbili itolewe kwenye ada ya kujiandikisha. Nimefanya hesabu na mweka hazina wa promosheni yetu, inawezekana tukiacha fulana.

Kasi ya picha iwekwe sawa kwa wote, kwa kiwango ambacho simu dhaifu kuliko zote inaweza kukifikia. Simu ya picha 30 inamwonyesha mtu dunia mpya kila baada ya milisekunde 33, ya picha 90 kila baada ya 11, na tofauti hiyo hakuna kidole kinachoifuta. Mwenye simu nzuri atanung'unika. Anung'unike. Vitufe vya kubana vinavyouzwa mjini, manete, na programu za kuchezea simu kwenye kompyuta zikatazwe kwa majina yake, moja moja, tena kwa Kifaransa pia ili mtu asije akasema hakuelewa. Vidole vinne badala ya viwili viruhusiwe, vidole ni vya mtu.

Refa abaki na kazi anayoweza kuifanya: kutazama vifaa kabla ya mechi, na kushika saa. Umeme ukikatika katikati ya raundi, raundi hiyo irudiwe. Na kabla ya mkutano wa kamati, mtu wa promosheni ya juu, si mimi kwa kuwa mimi ni mwenye kuruka na nitaonekana najitetea, ampigie simu yule mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, amwambie pointi zake za siku ile zimeandikwa na timu yake bado ina wachezaji wanne.